Panya Asiye na Kwao: Utangulizi kwa Mlezi Mgeni

Naomba tuanze na neno lenyewe, kwa sababu limewapoteza wengi njia. Kiswahili humwita panya karibu kila mnyama mdogo mwenye mkia mrefu na meno ya kuguguna: yule anayetoboa gunia la mahindi ghalani, yule wa milia anayekatiza kwenye vijia vya shamba la ngano, yule mkubwa wa porini aitwaye panya buku, na yule mweupe mwenye macho mekundu anayekaa kizimbani na kula mkononi mwa mtu. Ni wanyama wanne tofauti, wenye jina moja na lawama moja.

Utangulizi huu unamhusu huyo wa mwisho, hasa siku ambayo mwenyewe hamtaki tena. Wapo watu wa kujitolea wanaomchukua panya wa namna hiyo, wakamtunza, kisha wakamtafutia nyumba. Kumtoa mahali anapoteseka au atakapouawa tunakuita uokoaji. Anayempokea kwa majuma au miezi, huku akijua kwamba hatakaa naye, ni mlezi wa muda. Anayempokea mpaka kufa kwake tunasema amemwasili, neno lile lile la kuasili mtoto. Nalitumia kwa makusudi, maana lina uzito wa ahadi.

Kazi hii ilikulia Uingereza na Marekani, ambako panya wa kufugwa ana historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Wanasayansi humwita Rattus norvegicus. Jina linamfanya mzaliwa wa Norwe, lakini chimbuko lake ni kaskazini mwa China na nyanda za jirani. Katika karne ya 19 wakamata-panya wa Uingereza walianza kuwabakiza wale waliotokea na rangi za ajabu, weupe au wenye mabaka, wakawazalisha na kuwauza. Anayekumbukwa zaidi ni Jack Black, aliyejitambulisha kama mkamata-panya wa Malkia Victoria. Mwaka 1901, kwa maombi ya mwanamke aitwaye Mary Douglas, panya waliruhusiwa kuingia katika maonyesho ya vipanya, wale wadogo waitwao mice kwa Kiingereza, mjini Aylesbury. Mwaka 1906 taasisi ya Wistar mjini Philadelphia ilianza kuzalisha ukoo wake wa panya weupe kwa ajili ya maabara, na mwaka 1976 chama cha National Fancy Rat Society kikaundwa Uingereza kwa ajili ya wafugaji wa nyumbani. Hivyo basi panya mweupe wa leo amepitia vizazi vingi mno mikononi mwa binadamu. Yuko mbali na panya wa ghalani kama mbwa wako alivyo mbali na mbwa mwitu.

Historia hiyo inajibu swali ambalo mgeni huuliza mapema: kama humtaki, si umwachilie tu shambani? Mweke panya mweupe katika shamba la ngano hapa Njoro, Kenya, na umemwekea mwewe alama mchana na bundi alama usiku. Hajazoea maisha ya kujificha, na harufu ya binadamu haimtishi. Na ikitokea akaishi, ataishi katika ghala la jirani. Wakulima wa nchi hii hawahitaji somo kuhusu madhara ya panya. Mwaka 1962 panya walifurika katika maeneo ya kilimo ya Kenya kiasi cha kuandikiwa makala za kitaalamu. Kumwachilia mnyama wako ni kumtupa, na mzigo unamwangukia mtu mwingine.

Sasa tuingie kwenye msingi. Kama utasahau mengine yote katika ukurasa huu, nakusihi ushike mambo matatu kuhusu panya: anazaa upesi, hawezi kuishi peke yake, na maisha yake ni mafupi. Karibu kila kanuni ya walezi inatoka hapo.

Uzazi wake utauelewa vizuri kama umelelewa kwenye boma lenye ng'ombe. Ng'ombe huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na akipandwa akashika hubeba mimba miezi tisa. Panya jike huingia joto kila baada ya siku nne au tano, na mimba yake huchukua siku 21 hadi 23. Yaani muda ambao mfugaji wa Njoro anasubiri kuona kama ng'ombe wake atarudi joto, panya ameshabeba mimba na kuzaa. Anaweza kuzaa watoto kumi kwa mara moja, na katika saa 24 baada ya kuzaa anaweza kupandwa tena. Watoto wenyewe wanaweza kuzaa tangu majuma matano.

Hebu tufanye hesabu ya karatasi. Tuseme mwanafunzi anayeishi Njokerio, karibu na lango la Chuo Kikuu cha Egerton, amepewa panya wawili weupe na rafiki aliyemaliza masomo. Ameambiwa wote ni majike, kumbe mmoja ni dume. Siku ya 22 wanazaliwa kumi. Siku ya 44 mama anazaa kumi wengine, na siku ya 66 wengine kumi. Wakati huo mabinti watano wa uzao wa kwanza wamefikisha majuma matano na kupandwa na kaka zao, na siku ya 79 kila mmoja anazaa kumi. Jumla ni 82, ndani ya muhula mmoja wa chuo, katika chumba kimoja cha kupanga. Katika maisha halisi mama anayenyonyesha huchelewa kidogo na watoto wengine hufa, kwa hiyo idadi hupungua. Lakini hata nusu yake inatosha kumfanya kijana mwema atafute sumu au gunia.

Usimlaumu upesi. Wengi wa panya wasiotakiwa hawatoki kwa watu katili. Wanatoka kwa watu ambao hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kutofautisha dume na jike, na hilo unaweza kujifunza leo. Mwinue mkia taratibu na uangalie nafasi kati ya tundu la mkojo na tundu la haja kubwa: kwa dume nafasi ni ndefu, kwa jike ni fupi. Jike ana chuchu na dume hana kabisa, tofauti na wanyama wengi unaowajua. Kufikia umri wa mwezi mmoja kende za dume zinaonekana bila shaka yoyote. Kabla majuma matano hayajaisha, madume wote wahamishwe kutoka kwa mama na dada zao. Tendo hilo moja huzuia taabu nyingi kuliko huruma ya mwaka mzima.

Jambo la pili, upweke. Kuna methali isemayo panya wengi hawachimbi shimo. Kama funzo kwa watu ni methali nzuri, lakini panya wenyewe huishi kwa makundi, huchimba, hulala wakiwa wamelaliana, na husafishana manyoya. Mwanasayansi Jaak Panksepp aligundua kwamba panya wanaocheza, au wanaotekenywa na mtu waliyemzoea, hutoa sauti ya juu sana, karibu kilohezi 50. Sikio la binadamu huishia kilohezi 20, kwa hiyo furaha hiyo inatupita bila kuisikia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Inbal Ben-Ami Bartal, walionyesha kwamba panya hujifunza kufungua mlango wa kijibomba ili kumtoa mwenzake aliyefungiwa. Alipowekewa chokoleti pia, mara nyingi alimfungulia mwenzake na kumbakizia sehemu. Mimi huwasomea wanafunzi matokeo hayo kabla ya kuwafundisha jambo lolote kuhusu chakula au vizimba, kwa kuwa ukishayajua huwezi tena kumweka panya peke yake katika sanduku na kusema unamtunza. Ndiyo maana walezi hutoa panya wawili wawili au zaidi, wa jinsia moja, na humnyima anayetaka mmoja tu, isipokuwa nyumbani kwake tayari yupo mwingine anayehitaji mwenzi.

Hapo ndipo mtandao wa watu unapohitajika. Mtu mmoja, hata awe na moyo wa namna gani, hawezi kazi hii. Madume wanataka mahali pao, majike pao, mwenye mimba chumba chenye utulivu, na wageni wote wanataka karantini. Karantini ni kumtenga mnyama mgeni kwa muda ili ugonjwa aliokuja nao ujitokeze kabla haujawafikia wenyeji. Kwa panya tunahesabu angalau majuma mawili. Watu wengi huiweka karantini kwenye kona ya pili ya chumba kile kile, wakidhani wametenga. Virusi vya mapafu vya panya husafiri kwa hewa, kwa hiyo kinachotakiwa ni hewa tofauti, yaani nyumba nyingine ambayo haina panya hata mmoja. Kwa mtu wa chumba kimoja pale Njokerio nyumba hiyo haiwezi kuwa yake. Itakuwa ya rafiki kule Njoro mjini, au ya mwalimu mwenye stoo tupu, au ya dada aliye Nakuru. Ndiyo sababu mtu asiyewahi kufuga panya hata siku moja anaweza kuwa na thamani kuliko bingwa mwenye vizimba sita: nyumba yake ni safi.

Kila mnyama huandikiwa ukurasa wake: alitoka kwa nani, lini, na wangapi, alikaa wapi na nani, alikwenda wapi. Usiione kuwa ni kazi ya karani. Mwaka 2017 virusi vya Seoul, vinavyobebwa na panya na vinavyoweza kumwathiri binadamu figo, viligunduliwa miongoni mwa wafugaji wa panya katika majimbo kadhaa ya Marekani. Njia ya kuvifuata ilikuwa kuuliza, nyumba kwa nyumba, panya huyu ulimpata kwa nani na wenzake ulimpa nani. Anayeandika anaweza kujibu.

Usafiri nao hugawanywa. Safari ndefu hukatwa vipande, kila mtu akibeba kipande chake na kumkabidhi mwenzake njiani, mkono kwa mkono. Hapa kwetu tumezoea kutuma vifurushi kwa matatu, kutoka Nairobi hadi Nakuru na kutoka Nakuru hadi Njoro, na dereva akapigiwa simu. Panya asitumwe hivyo. Joto la buti au la kando ya injini linamwua, kwa sababu hatoki jasho kama sisi na hupunguza joto zaidi kupitia mkia. Asafiri miguuni pa mtu, katika sanduku lenye hewa, pamoja na mwenzake, na kipande cha tango au karoti badala ya chupa ya maji itakayomwagika.

Karantini ikiisha, wageni na wenyeji hawatiwi kizimba kimoja siku hiyo hiyo. Kizimba kina harufu ya wenyewe na wenyewe watakilinda. Kwanza wabadilishane matandiko, kila upande uzoee harufu ya wenzake. Kisha wakutane mahali pasipo pa mtu, kama kitandani palipotandikwa shuka safi, ukiwa umekaa hapo hapo. Kusukumana, kupandana na kupinduana chali kutakutisha, lakini ndivyo wanavyopangana nani mkubwa. Kinachodai uingilie ni manyoya yaliyosimama wima, mwendo wa kiubavu, na damu. Tumia taulo kuwatenganisha, usitumie mkono mtupu.

Kuhusu makao, Njoro ina mambo mawili ya kuzingatia. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai unaujua. Kizimba cha waya ambacho fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea ni kizuri, mradi nafasi za waya zisizidi sentimita moja na robo kwa majike na wadogo, lakini kisiwekwe sakafuni penye saruji wala mbele ya dirisha. Waongezee kitambaa kizito cha kujiviringishia na machela ya leso kuukuu. La pili ni matandiko. Maranda, yale mabaki ya mbao wanayotandikiwa vifaranga, hupatikana kwa bei nafuu katika kila karakana kuanzia hapa hadi Elburgon, na mengi ni ya saipresi na misonobari. Harufu ile nzuri unayoisikia ni kemikali zinazochubua mapafu ya panya. Tumia karatasi zilizochanwachanwa au vitambaa vinavyofulika.

Chakula hakina ugumu: nafaka kama ngano na shayiri, mboga kama sukuma wiki na karoti, omena kidogo au yai kwa ajili ya protini. Usiwape maharagwe mabichi, yana sumu mpaka yachemshwe vizuri. Panya hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo kilichoingia vibaya hakirudi.

Nikutayarishe kwa jambo moja litakalokushtua. Asubuhi moja utaona wekundu kuzunguka jicho au pua ya panya wako, utadhani ni damu. Kwa kawaida ni porfirini, rangi inayotengenezwa na tezi iliyo nyuma ya jicho, na huongezeka mnyama akiwa na wasiwasi au akiugua. Haina maana kwamba jicho limepasuka, ila ina maana kwamba kuna jambo, nawe ulitafute. Mara nyingi jambo lenyewe ni mapafu. Panya wengi wa kufugwa wana bakteria iitwayo maikoplasma, ambayo dawa huituliza bila kuimaliza. Ukisikia mkoromo katika kifua chake, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wewe mwenyewe nawa mikono kila baada ya kuwashika na uoshe kila jeraha la meno kwa sabuni mara moja, kwa kuwa kuna homa ya kuumwa na panya, nayo hutibika ikitajwa mapema.

Maisha yake ni miaka miwili, mara nyingine mitatu. Hilo humpa mlezi uhuru na huzuni kwa pamoja. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuasili jozi ya wazee na kuwatunza mpaka mwisho kabla hajahitimu. Mtoto wa miaka minane atamzika rafiki yake akiwa darasa la nne au la tano, na mzazi ajue hivyo tangu siku ya kwanza. Majike hupata uvimbe wa matiti mara kwa mara wakizeeka. Mkataba wa kuasili, yaani karatasi ambayo mpokeaji hutia sahihi, huwa na sharti moja nisiloliacha kamwe: ukishindwa, kwa sababu yoyote ile, mrudishe kwetu. Hatutakuuliza kwa ukali.

Huenda umesikia juu ya panya wa Morogoro na unajiuliza kama ni hawa hawa. Hapana. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Bart Weetjens wa Ubelgiji mwaka 1997 na lenye kituo chake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku, wanyama wa Afrika wenye uzito wa kilo moja na zaidi, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, mwaka 2020, akastaafu mwaka 2021 akiwa amegundua mabomu ya ardhini 71, na akafa Januari 2022. Ukiona tangazo la kumwasili mmoja wao, fahamu kwamba ni uasili wa jina: unachangia matunzo, naye hubaki kazini na walezi wake. Usimtafute panya buku wa kumweka nyumbani, wala panya yeyote wa porini. Mnyama wa porini hafugwi Kenya bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na Marekani imeshaonja matokeo: mwaka 2003 iliwapiga marufuku panya buku kutoka Afrika baada ya mlipuko wa ugonjwa wa mpox ulioanzia kwenye shehena ya wanyama wadogo kutoka Ghana, na kwenye kisiwa cha Grassy Key, Florida, waliotoroka kwa mfugaji walianzisha ukoo wa porini uliogharimu miaka ya kuuwinda.

Lipo swali la mwisho, na huulizwa na watu ninaowaheshimu, wakulima hasa. Kwa nini tuhangaike na panya, katika nchi ambayo mtu hupoteza gunia zima la mahindi kwa jino lake? Mimi naona mkulima na mlezi wana adui mmoja, naye ni uzazi usio na mwenyewe. Kila dume aliyetenganishwa na majike kwa wakati ni mamia ya panya ambao hawatazaliwa, hawatatupwa shambani, hawatauawa kwa sumu ambayo baadaye paka au bundi wa jirani ataila ndani ya mzoga. Na mnyama aliyezaliwa mikononi mwetu, asiyejua maisha mengine, anatudai. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haisemi kwamba huruma ni ya ng'ombe na mbwa peke yao.

Ukitaka kuanza, usianze kwa kununua kizimba wala kwa kuahidi kuwachukua kumi. Tenga kona moja yenye joto katika nyumba isiyo na panya, kwa majuma mawili, uwapokee wawili waliotoka kwa mtu aliyeshindwa nao. Siku ya kwanza uwainue mikia, uangalie, na uandike.